Somo la Mwezi Huu: Muuza Simu Zilizotumika na Mnunuzi Mgumu



Siku hizi katika mji wa Sumbawanga, na hata kule Laela, Matai na Namanyere, wako vijana wengi, na akina mama wasio wachache, ambao riziki yao yatoka katika kuuza simu, redio, televisheni na kompyuta zilizokwisha kutumika. Wengi wao hawana duka. Duka lao ni picha waziwekazo katika makundi ya WhatsApp na katika kurasa za Facebook na Instagram. Mnunuzi aliye Mpanda au Tunduma huiona picha, huuliza bei, hutuma fedha kwa simu yake, na mzigo humfikia kwa basi. Kazi hii ni halali, tena yawafaa watu. Lakini magomvi yake ni mengi, na mtu ambaye mtaji wake wote ni simu tatu aweza kuupoteza kwa shauri moja tu. Kwa hiyo yafaa tulichunguze jambo hili kwa taratibu.

1. Asili ya magomvi

Wazee wa Ufipa wa zamani walikuwa mafundi wa chuma. Walikiyeyusha katika tanuru ndefu za udongo zilizoitwa malungu, wakafua majembe. Jembe ni kitu ambacho mtu aweza kukishika mkononi, akaona uzito wake na makali yake, ndipo akatoa mali yake. Kasoro ikiwapo, iko mbele ya macho ya wote wawili, muuzaji na mnunuzi.

Simu si hivyo. Kasoro yake imejificha ndani, na mnunuzi aliye mbali hata umbo lake hajalishika. Anachokinunua ni maneno yako. Basi maneno hayo yakipungukiwa na ukweli, hata kidogo, ugomvi umekwisha kuzaliwa kabla fedha haijatumwa.

Natutwae mfano wa betri. Mji wa Sumbawanga uko juu sana, kadiri ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai baridi yake ni kali. Betri ya simu iliyochakaa, ikipatwa na baridi, nguvu zake hushuka ghafula. Simu huzimika ingawa kioo chaonyesha kwamba imebaki chaji ya 30 katika 100. Lakini simu iyo hiyo katika joto la Muze, kule bondeni mwa Ziwa Rukwa, huenda ikadumu mchana kutwa. Tuseme sasa kwamba mtu wa Muze amemwuzia simu mwalimu wa Sumbawanga mwezi wa Julai. Mwalimu asema, "Umeniibia." Muuzaji ajibu, "Umeiharibu." Kila mmoja anasema aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe. Hapana mwizi hapo. Lililokosekana ni neno moja ambalo muuzaji hakuliandika: betri imechoka.

2. Kazi ya kabla ya kuuza

Hapa ndipo shauri hushindwa au huokoka. Muuzaji na afanye mambo haya kabla ya kupokea shilingi moja.

Kwanza, aitaje kasoro yeye mwenyewe. Wako wadhanio kwamba kuitaja kasoro ni kumfukuza mnunuzi. Wahenga walinena, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu aandikapo, "Simu kali, haina tatizo lo lote," amejifunga kwa kamba yake mwenyewe, maana maneno hayo ndiyo atakayoonyeshwa siku ya ugomvi. Afadhali aandike hivi: "Imetumika miaka miwili. Kioo kilibadilishwa na fundi. Betri yakaa nusu siku, na wakati wa baridi hupungua zaidi. Ina ufa mdogo pembeni. Tazama picha ya tatu." Atapata wanunuzi wachache kidogo, na bei itashuka kidogo, lakini atakayenunua amekwisha kukubali kasoro ile.

Pili, aiandike namba ya simu ile katika daftari. Bonyeza *#06#, nayo simu itaonyesha namba yake ya IMEI, yenye tarakimu 15. Namba hiyo ukiituma kwa ujumbe kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jambo hili si dogo. Mwezi wa Juni mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia zisitumike tena katika mitandao ya nchi, na watu wengi waliamka wakakuta wameshika kitu kisichofaa. Tena namba hii ni shahidi wako: mnunuzi akikurudishia simu nyingine badala ya ile uliyompa, daftari litasema.

Tatu, aziondoe akaunti zake zote kabla ya kuifuta simu. Simu ikifutwa kabla akaunti ya mwenyewe wa kwanza haijaondolewa, iwe iPhone au nyingine, aghalabu hujifunga, na mnunuzi ataulizwa neno la siri asilolijua. Naye atafikiri nini, ila kwamba ameuziwa kitu cha wizi?

Nne, siku ya kutuma mzigo apige picha za mwendo, zimwonyeshe mnunuzi simu ikiwaka, kioo kikiguswa, kamera, spika na chaji vikifanya kazi, pamoja na ile namba ya tarakimu 15. Tena na atie doa dogo la rangi ya kucha juu ya parafujo moja. Simu ikirudi na doa limevunjika, yajulikana kwamba imefunguliwa. Risiti ya mzigo wa basi nayo aitunze, asiitupe.

Tano, wapatane masharti kwa maandishi: siku ngapi za kuijaribu simu, ni kasoro zipi zitakazomrudishia mnunuzi fedha yake, na nani atakayelipa nauli ya mzigo ukirudi. Siku tatu zatosha kwa simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mapatano ya mdomo hupotea vivyo hivyo.

3. Wanunuzi watatu

Mnunuzi akija na malalamiko, usimhesabu mara moja kuwa adui. Walalamikao ni wa namna tatu, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni yule aliyepata hasara kweli. Uliandika kwamba kamera ni nzima, nayo haifanyi kazi. Huyu ana haki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yasema kwamba kitu kikiuzwa kwa maelezo, sharti kilingane na maelezo hayo. Mrudishie fedha yake, wala usimzungushe.

Wa pili ni yule asiyeelewa. Simu haina kasoro, ila nafasi yake ya kutunzia vitu imejaa, au ametumia chaji isiyofaa, au laini yake ni ya zamani isiyoweza kushika mtandao wa 4G. Huyu ataka mwalimu. Dakika kumi za kumwelekeza kwa upole zaweza kulimaliza shauri ambalo matusi yangelikuza kwa mwezi mzima.

Wa tatu ni mdanganyifu. Tangu M-Pesa ilipoanza katika Tanzania mwaka 2008, fedha hutembea upesi, na hila zimetembea pamoja nayo. Yuko atumaye ujumbe wa uongo, ulioandikwa mfano wa ujumbe wa malipo, kumbe hakulipa kitu. Dawa yake ni kutoutazama ujumbe hata kidogo, bali kulitazama salio lako mwenyewe; mwenye M-Pesa na apige *150*00#. Yuko alipaye kweli, kisha mzigo ukiisha kumfikia huiambia kampuni ya simu kwamba alikosea namba, ili fedha irudishwe. Dawa yake ni mazungumzo yenu yaliyoandikwa na risiti ya basi, navyo uviwasilishe kwa kampuni mara uonapo fedha imezuiliwa. Na yuko atoaye betri nzuri akatia mbovu, akairudisha simu. Dawa yake ni lile doa la rangi.

Je, utawatambuaje? Hapa wengi hukosea, maana humpima mtu kwa sauti yake. Apigaye kelele humwita tapeli, asemaye polepole humwita mwungwana. Lakini mkulima aliyeuza magunia yake ya mahindi ili apate simu, kisha ikazimika siku ya pili, atapiga kelele kwa uchungu, na kelele zake ni za kweli. Tena mdanganyifu hodari huongea kwa adabu kuliko wote. Ukali si ushahidi, wala upole si ushahidi. Omba vitu vitatu: picha za mwendo zionyeshazo kasoro, namba ya IMEI ya simu aliyo nayo mkononi, na siku kasoro ilipoanza. Mwenye haki ataleta, hata kama analeta kwa hasira. Asiye na haki atatafuta njia ya kukwepa.

4. Namna ya kujibu

Ukipokea ujumbe wa matusi, usiujibu saa ile ile. Weka simu chini, soma kwanza ulichokiandika wewe ulipotangaza, ndipo ujibu. Jibu lako na liwe kama hivi:

"Ndugu yangu, nimepokea ujumbe wako, na nasikitika kwa usumbufu ulioupata. Nakuomba unitumie picha ya simu ikionyesha tatizo, pamoja na namba utakayoiona ukibonyeza *#06#. Nikiisha kuona, nitakujibu leo hii kabla ya jioni. Ikiwa kosa ni langu, nitalitengeneza."

Akiwa ni mtu mzima kuliko wewe, anza na shikamoo, ijapokuwa amekutukana. Heshima haikupunguzii haki yako.

Kosa likiwa lako, au likiwa la mashaka, ziko njia tatu: kutengeneza, kurudisha sehemu ya bei, au kurudishiana vyote. Tuseme simu iliuzwa kwa shilingi 150,000 na betri mpya pamoja na fundi ni shilingi 25,000. Ukimpa mnunuzi zile 25,000 umepoteza faida ya simu moja. Ukikataa, nawe huna hakika kwamba haki ni yako, waweza kupoteza jina lako katika kundi zima la wanunuzi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Lakini akiwa ni mdanganyifu, na ushahidi wako u wazi, kataa kwa maneno machache, mara moja, wala usirudie. Usilipe ili kununua amani, kwa kuwa atakayelipwa kwa uongo atarudi, tena atawaambia wenzake.

Na jambo moja mjihadhari nalo sana. Msiweke picha ya mnunuzi hadharani mkiandika juu yake neno "tapeli". Huenda mmekosea mtu. Na hata mkiwa hamkukosea, mwaweza kushitakiwa ninyi, na shauri lililokuwa lenu likageuka kuwa lake.

5. Mapatano yakishindikana

Msikimbilie mahakamani kwanza. Mtafuteni mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote wawili, mmpe maandishi yote ayasome. Akishindwa, yuko mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Baada ya hapo iko Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai madogo ya fedha. Wengine hudhani kwamba maneno ya simu hayana nguvu mbele ya hakimu. Si kweli. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imekubali kwamba ujumbe wa namna hiyo waweza kupokewa kuwa ushahidi. Basi msiyafute mazungumzo yenu mpaka shauri limekwisha kabisa.

Palipo na udanganyifu wa wazi, toeni habari polisi, na namba ya mdanganyifu itumeni kwa 15040, ndiyo namba iliyowekwa kwa kazi hiyo. Na ikiwa fedha imekwenda isipopasa, iambieni kampuni ya simu saa ile ile, maana ikiisha kutolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha.

Mambo haya yote, ndugu, yasimama juu ya msingi mmoja. Mnunuzi wa mbali hana macho ila yale unayompa wewe. Ukimpa macho mazima, wengi wa wagumu hawatakuwa wagumu tena, na wale wachache watakaobaki watakukuta una daftari mkononi.

Maswali ya kujadiliana

1. Itwae simu uliyo nayo sasa. Kama ungeiuza leo, ungeandika kasoro zipi? Ziandike zote.
2. Kwa nini mwalimu wa Sumbawanga na muuzaji wa Muze waligombana, hali hapakuwa na mwongo kati yao?
3. Mnunuzi anakutukana, lakini amekutumia picha na namba ya simu nayo yapatana na daftari lako. Mwingine anakusifu, lakini hataki kutuma namba. Utawajibuje wawili hao?
4. Ni wakati gani inafaa kurudisha sehemu ya bei, na ni wakati gani haifai kurudisha hata senti moja?