Nembo ya Tabora iko wapi?

Ukiandikiwa barua na halmashauri ya Nzega, Urambo au Sikonge, juu yake utakuta Nembo ya Taifa, ile ya bwana na bibi. Halmashauri zetu nyingi hutumia hiyo hiyo. Wenzetu wa Ulaya hata kakijiji kana ngao yake: mnara, samaki, funguo mbili, na mzee wa kukueleza kila kitu kilitoka wapi. Sasa Tabora, mji uliokuwa kitovu cha njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, alama yake ni ipi?

Mimi nasema tuanze na msafara wenyewe. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, mwezi Novemba. Burton aliandika kwamba mbele alitangulia kirangozi na bendera nyekundu, alama ya msafara wa Zanzibar. Nyuma yake walikuja wapagazi wenye pembe za ndovu, na pembe kubwa zilifungwa kengele nchani. Hapo tusipite haraka. Pembe kubwa ndiyo mzigo wa kuvunja bega, lakini kuibeba ilikuwa heshima, na kengele iliwatangazia watu njia nzima nani kaibeba. Bendera ilikuwa ya Sultani. Kengele ilikuwa ya mpagazi.

Watemi nao walikuwa na alama yao: kipande cha duara cha kombe la baharini, kilichovaliwa kama ishara ya utawala. Kombe la Bahari ya Hindi, katikati ya miombo! Bila njia ile lisingefika.

Halafu kuna tembo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliizingira pwani, fedha zikawa haziingii, na serikali ya Wajerumani ikaamua kutengeneza sarafu zake Tabora, kwenye karakana ya reli (reli ilikuwa imefika mjini mwaka 1912). Senti za heller 5 na 20 zilipigwa kwa shaba iliyookotwa okotwa, pamoja na maganda ya risasi na mizinga, zikawekwa herufi T. Mwaka 1916 ikatoka sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa 16,198 tu. Upande mmoja kuna tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima. Ni picha nzuri, sikatai. Septemba 19 mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji.

Nayasema haya kwa sababu sisi tunaotoka Tabora tunachagua picha ya fulana za mwaka huu, na wengi wanamtaka tembo huyo. Eti ndiye pekee aliyezaliwa Tabora. Sawa, lakini geuza sarafu: upande wa pili kuna tai wa Kaisari. Tai huyo aliingia mjini kwa mizinga. Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe, ngome yake ilipovamiwa na jeshi la Wajerumani, alijilipua kwenye ghala la baruti kuliko kushikwa. Miaka 23 baadaye tai anachapwa kwenye dhahabu Tabora hiyo hiyo. Atakayevaa fulana ya tembo ajue mgongo wa sarafu una nini.

Kuna aliyenijibu kwamba basi tuache tembo kabisa, tubaki na Nembo ya Taifa, haina mambo ya ukoloni. Nikamwambia aitazame vizuri. Bwana na bibi wameshika nini? Pembe za ndovu. Wengi tukiziona tunafikiria mbuga na utalii, na darasani tulifundishwa hivyo hivyo, ni wanyama wetu. Lakini pembe iliyotengana na tembo ni mzigo, na mzigo huo kwa miaka mingi ulipita Tabora begani mwa Mnyamwezi, kwenda kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Kwenye nembo pembe zimesimama zenyewe, mbebaji hayupo.

Kwenye kikao nimependekeza pembe moja, na kengele nchani. Mpaka naandika haya, tembo anaongoza kwa kura nne.