Jinsi ya Kuanzisha Ngitili Itakayovusha Mifugo Kiangazi

Ukame ukiingia Shinyanga, ng'ombe hudhoofu kwanza, na maksai akilala chini, shamba la mwaka unaofuata halilimwi. Hapo ndipo familia huanza kusubiri mahindi ya msaada. Mahindi hayo huokoa maisha, lakini huliwa yakaisha. Ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, ni akiba inayojirudishia yenyewe.

Wasukuma waliijua kabla ya mradi wowote. Miti ilipofyekwa ili kumaliza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikaongezeka, ngitili zilipungua hadi takriban hekta 600 mwaka 1986. Mwaka huo serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliosaidiwa na Norway. Wataalamu waliposikiliza wazee na kuijenga upya desturi yao, ngitili zilivuka hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kama kijiji chako kinataka kuanza, fuata hatua hizi.

1. Anza na watu. Zungumza na wazee na dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, kisha peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mipaka na adhabu ziandikwe kuwa sheria ndogo na zipitishwe na halmashauri ya wilaya. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakilinda bila sheria iliyoandikwa, ugomvi wa kwanza utavunja kila kitu.

2. Chagua eneo lenye visiki hai. Miche ya kununua mara nyingi hufa kwa kukosa maji, lakini kisiki cha mgunga kina mizizi iliyokwisha kufika chini. Inama ukitazame: machipukizi yamejazana kama kichaka. Bakiza mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine, pogoa matawi ya chini, kisha funga kitambaa cha rangi ili mchungaji ajue mti huo una mwenyewe.

3. Weka alama za mpaka. Panda minyaa au katani. Mpaka wa maneno husahaulika njaa ikibana.

4. Funga mapema, fungua kwa zamu. Funga mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Usifungue kabla nyasi hazijadondosha mbegu na mabua ya mashambani hayajaisha, kwa kawaida Julai au Agosti. Gawa eneo vipande, kimoja kikiliwa vingine vipumzike. Watangulie maksai, ndama na ng'ombe wa maziwa.

5. Mkumbuke asiye na ng'ombe. Mjane asiye na hata mbuzi naye ni mwanakijiji. Mpangieni siku za kuokota kuni kavu, kuchuma matunda na kuchimba dawa. Asipopata kitu, hana sababu ya kuilinda ngitili. Fedha za nyasi au miti ya ngitili ya kijiji zisomwe hadharani, kisha ziende kwenye darasa au kisima mlichokubaliana.

6. Dhibiti soko la miti. Kuanzia Kahama hadi Geita, maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, yanahitaji magogo ya kushikilia kuta, na miji inahitaji mkaa. Mnunuzi mmoja mwenye lori anaweza kumaliza kazi ya miaka kumi. Mti usikatwe bila kibali cha kijiji.

7. Omba msaada unaofaa. Shirika likija, liombeni mafunzo, upimaji wa ardhi na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Msikubali kulipwa posho ili mlinde malisho yenu wenyewe. Posho ikikoma, ulinzi nao utakoma.

Nanyi mnaofanya kazi katika mashirika, kabla ya kuandika mradi mpya, ulizeni kwanza kijiji kilivuka vipi ukame uliopita. HASHI ilifanikiwa kwa kuheshimu maarifa aliyokuwa nayo mfugaji wa Kisukuma. Nanyi wanakijiji, msisubiri mvua zianze: itisheni mkutano sasa.