Ukihukumiwa kwa Kumshambulia Polisi: Anza na Notisi

Mahakama ya Wilaya ya Nachingwea au Ruangwa ikimtia mtu hatiani kwa kumshambulia askari polisi aliyekuwa kazini, kosa linaloweza kumfunga hadi miaka mitano, ndugu huanza kuchangishana hela ya wakili. Ni sawa, ila kuna karatasi isiyosubiri mchango: notisi ya kusudio la kukata rufaa. Inatakiwa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na aliye gerezani huipitisha kwa mkuu wa gereza.

Petisheni yenye sababu za rufaa hufuata ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala za mwenendo wa shauri na hukumu hazihesabiwi, kwa hiyo ombeni nakala hizo kwa barua na mbaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkichelewa, Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda, lakini itataka sababu ya maana.

Sasa sababu zenyewe. “Polisi wananichukia” haisaidii, hata ikiwa kweli. Jaji kwa kawaida haiti mashahidi upya, anasoma kilichoandikwa. Kama vurugu ilitokea usiku kwenye kundi la watu, tazama kama askari alieleza mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, alikuwa umbali gani, alikuona kwa muda gani, na kama alikufahamu kabla. Ndiyo maswali ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, uamuzi wa mwaka 1980 ambao mahakama zetu hazijachoka kuurudia.

Tazama pia PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha. Baada ya kupokelewa kama kielelezo, ilisomwa kwa sauti mahakamani? Kama haikusomwa, huondolewa kwenye ushahidi. Msishangilie mapema, maana maelezo ya mdomo ya daktari yanaweza kubaki na yakatosha. Wala msiegemee hoja kwamba shahidi alikuwa askari mmoja tu: sheria haidai idadi ya mashahidi, inadai aaminike.

Aliyekiri kosa mwenyewe, kwa kawaida hubakiwa na rufaa ya adhabu tu, na hapo awe mwangalifu: Mahakama Kuu inaweza kuipunguza, na inaweza kuiongeza.

Dhamana wakati wa kusubiri rufaa huombwa, haiji yenyewe. Mkishindwa Mahakama Kuu, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ina siku 30.