Kutoka Tasnifu hadi Makala: Utayarishaji wa Mswada wa Jarida la Kitaaluma

Tasnifu ya uzamili inapokwisha kutetewa na kujalidiwa, nakala yake hupelekwa maktabani, na aghalabu safari yake hukomea hapo. Wasomaji wake huwa msimamizi, watahini, na pengine mwanafunzi mwingine anayetafuta namna ya kupanga pendekezo lake la utafiti. Hasara hii si ya mwandishi peke yake. Taaluma ya Kiswahili imejengwa kwa muda mrefu kupitia majarida. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, lina asili yake katika taarifa zilizoanza kutolewa na Kamati ya Lugha mwaka 1930. Fauka ya hayo, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya ya mwaka 2014 iliufanya uchapishaji katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kuwa sharti mojawapo la kufuzu shahada ya uzamifu. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini miswada inayotokana na tasnifu hurudishwa, na jinsi inavyoweza kutayarishwa.

Chanzo kikuu ni dhana kwamba sura ya tasnifu ni makala. Sivyo. Tasnifu huandikwa ili kumthibitishia mtahini kwamba mwanafunzi amesoma, ameielewa nadharia na anaimudu mbinu ya utafiti. Ndiyo maana hubeba mapitio marefu ya maandishi na historia ya nadharia tangu waasisi wake. Msomaji wa jarida hana haja na uthibitisho huo. Yeye huuliza jambo moja tu: kuna lipi hapa ambalo halijasemwa?

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeandika tasnifu kuhusu uongozi katika riwaya ya Shaaban Robert, Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951. Akikata sura ya nne na kuipa anwani "Usawiri wa Uongozi katika Kusadikika", atakuwa ametaja mada bila kutoa hoja. Kwamba watawala wa Kusadikika ni madhalimu ni jambo linalofahamika hata kwa mwanafunzi wa shule ya upili. Lakini huenda ndani ya sura hiyo mna aya mbili zinazodokeza kuwa Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, hajitetei kwa vifungu vya sheria. Hujitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao kisha wakafungwa waliporejea. Kumbe mahakamani humo simulizi ndiyo ushahidi! Hapo pana hoja: riwaya inaipa sanaa ya usimulizi uzito wa kisheria. Aya hizo mbili ndizo zinazostahili kukuzwa hadi ziwe makala, na kurasa nyingine zote za sura hiyo zikaachwa, hata zile zilizosifiwa na watahini. Kuacha huku ndiko kugumu zaidi. Mwandishi akitaka kuzungumzia pia nafasi ya mwanamke na matumizi ya majazi, ajue kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Hoja ikishapatikana, mapitio ya maandishi hupunguzwa hadi yabaki yale yanayoafiki au kupinga hoja hiyo tu. Nadharia huelezwa kwa kiasi inachotumika. Ikisiri huandikwa mwisho, nayo itaje matokeo. Ikisiri inayoishia kwenye "makala yanachunguza" humwacha mhariri gizani.

Mswada wa Kiswahili una mahitaji yake. Istilahi moja itumike kwa dhana moja. Haifai kuandika "mwingilianomatini" katika ukurasa wa pili na "mwingiliano wa matini" katika ukurasa wa saba, mpitiaji akabaki kujiuliza iwapo ni dhana mbili. Tenzi zirejelewe kwa nambari ya ubeti, maadamu kurasa hutofautiana baina ya matoleo. Dondoo za lahaja zilindwe pia: programu za kompyuta hupenda kusahihisha kisichokuwa kosa, na "ndia" ya Kiamu ikigeuzwa "njia" si tahajia pekee inayoharibika, bali ushahidi wenyewe.

Uteuzi wa jarida hutangulia uandishi wa rasimu ya mwisho, kwa kuwa kila jarida lina maelekezo yake kuhusu urefu, marejeleo na tanbihi. Palipo na upitiaji wa siri, jina huondolewa mwanzoni mwa mswada, katika sifa za faili, na katika kauli kama "tulivyoonyesha katika tasnifu yetu". Mswada mmoja hupelekwa kwa jarida moja kwa wakati mmoja. Mhariri huelezwa katika barua ya utangulizi kuwa kazi imetokana na tasnifu. Jina la msimamizi huongezwa pale alipochangia hoja au uandishi, si kwa sababu alitia saini tasnifu. Suala hili lizungumzwe naye mapema na kwa adabu, kwani kimya chake huzaa uhasama.

Jarida linaloahidi kuchapisha baada ya siku tatu, na kudai ada kabla ya yeyote kuusoma mswada, liepukwe. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, alidumisha orodha ya wachapishaji aliowashuku kuwa wa aina hiyo hadi alipoiondoa mwaka 2017. Orodha yake ilizua mabishano, lakini tatizo lenyewe lingalipo, na wahasiriwa wake wakubwa ni wanafunzi wenye haraka ya kufuzu.

Majibu yakija, aghalabu hudai marekebisho. Wengi huyasoma kama kukataliwa na kuufungia mswada kabatini. Ni kosa kubwa. Mwandishi huandaa barua inayojibu kila pendekezo: lililotekelezwa, na ukurasa lilipo; lisilotekelezwa, na sababu. Kumpinga mpitiaji kunaruhusiwa, mradi ushahidi utolewe. Mswada ukikubaliwa, prufu hutumwa kwa muda mfupi ili majina, mishororo na nambari za beti zikaguliwe. Aya mpya iliyomjia mwandishi usiku huo itasubiri makala mengine.