Anayeamua Jinsia ya Mtoto ni Nani?



Wapendwa mafrateri na waamini, hapa Tabora, iwe Ng'ambo au vijijini, shauri hili si geni: mke anarudishwa kwao kwa kuwa “anazaa wasichana tu”. Kabla hatujamsuluhisha yeyote, tujifunze kidogo.

Sayansi inasema nini?
Kwa kawaida binadamu ana kromosomu 46. Mbili kati ya hizo huhusu jinsia: XX kwa mwanamke, XY kwa mwanaume. Yai la mama hubeba X. Mbegu za baba, karibu nusu hubeba X na nusu Y. Nettie Stevens wa Marekani alionyesha jambo hili mwaka 1905 kwa kuchunguza wadudu. Mwaka 1990 ikagunduliwa jeni ya SRY, iliyomo katika Y, inayoanzisha ukuaji wa korodani tumboni mwa mama. Basi mama hana lawama. Na baba naye hachagui.

Zamani sana X na Y zilikuwa jozi iliyofanana. Y ilipoacha kubadilishana vipande na X, ilipoteza jeni nyingi. Leo X ina jeni zaidi ya 800 za kutengeneza protini. Y ina 106 hivi. Wapo waliotabiri kwamba Y itatoweka. Lakini utafiti wa mwaka 2012 uliolinganisha binadamu na nyani wa rhesus ulionyesha kuwa kwa miaka milioni 25 Y yetu imepoteza jeni moja tu ya kale.

Imani inasema nini?
Papa Pius XII, katika *Humani Generis* (1950), aliruhusu kuchunguza asili ya mwili kwa njia ya mageuko, mradi tukiri kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Hadhi yetu basi haihesabiwi kwa jeni: mume na mke wote ni sura ya Mungu (Mwa 1:27). Tujihadhari na makosa mawili: kudai kwamba tofauti ya miili humfanya mwanaume kuwa bora, na kudai kwamba mwili hauna maana yoyote. *Amoris Laetitia* (na. 56) inafundisha kwamba jinsia ya kimwili na nafasi yake katika jamii hutofautishwa, lakini hazitenganishwi. Unyanyembe yenyewe, baada ya Mtemi Isike kufa mwaka 1893, ilitawaliwa na mwanamke, Nyaso.

Kwa wachungaji na wanandoa
Kanuni 1084 §3 yasema utasa haubatilishi ndoa. Sembuse kukosa mtoto wa kiume! Anayemfukuza mke kwa sababu hiyo anamwadhibu kwa jambo lisilo lake, na anawaambia binti zake kwamba wao ni hasara.

Maswali ya kutafakari
1. Katika jumuiya yetu, habari ya kuzaliwa binti hupokelewaje?
2. Je, binti zetu wana sehemu gani katika urithi wa familia?