SOMO: MKATE WA WAGIBEONI NDANI YA SIMU ZETU

Somo la vikundi vya nyumbani. Msingi: Yoshua 9:3-21

Kabla ya kufungua Biblia zetu, ninataka kurudia kwa maandishi yale niliyoyasema mimbarani, kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo siku ile. Mwezi wa Februari 2025 ni mimi, mchungaji wenu, niliyewafungulia matapeli mlango wa kanisa hili.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mwezi wa Januari mwaka ule mapigano yalifika Goma, na wengi wetu tulikaa siku nyingi bila kusikia sauti ya ndugu zetu. Mwezi huohuo Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kulikuwa na familia zilizokwisha kufanya mahojiano, zimepimwa afya, zimeuza hata magodoro, zinangoja tarehe ya ndege tu. Katika siku hizo nikapokea ujumbe kwenye WhatsApp. Ulikuwa na nembo juu na muhuri chini. Ulisema kesi zilizosimama zinafunguliwa upya, na kila familia ilipe faranga 45,000 za faili kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Chini yake kulikuwa na orodha ya namba za kesi, na mbili kati ya hizo nilizijua kuwa za watu wetu. Ilikuwa saa nne ya usiku. Nikautuma kwenye kundi la kanisa, nikaandika: Wapendwa, someni haraka. Nikalala.

Asubuhi familia mbili zilikuwa zimekwisha kulipa. Mama mmoja alitoa mtaji wake wote wa vitenge. Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia simu kwanza, alinijibu: Mchungaji, si wewe uliyetuma?

Sasa tufungue Yoshua 9. Watu wa Gibeoni walisikia yaliyoipata Yeriko na Ai, wakaogopa, wakatumia hila. Walibebesha punda zao magunia yaliyochakaa na viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwa-shonwa. Wakavaa viatu vyenye viraka na nguo kuukuu, wakachukua mkate uliokauka na kuota ukungu. Wakamwendea Yoshua kambini Gilgali, wakasema wametoka nchi ya mbali sana na wanataka agano.

Nimelisoma neno hili tangu chuo cha Biblia, na kwa miaka mingi nilidhani Waisraeli walikuwa wajinga. Sivyo. Tazameni mstari wa 7. Waliuliza swali lenyewe hasa: huenda ninyi mnakaa hapahapa katikati yetu? Na katika mstari wa 8 Yoshua aliuliza tena: ninyi ni nani, nanyi mmetoka wapi? Maswali yalikuwa mazuri. Kosa ni kwamba waliyeulizwa ndio haohao wageni, na jibu likawa ni mkate. Huu hapa, ulikuwa moto tulipoondoka nyumbani, sasa utazameni. Wazee wakautwaa, wakautazama, wakaridhika. Mstari wa 14 unasema hawakutaka shauri kwa Bwana. Yaani hawakwenda kuuliza mahali pengine popote.

Hapo ndipo ninataka tukae. Ushahidi wote waliouona uliletwa na wageni wenyewe. Mkate ulikuwa mkavu kweli, viatu vilikuwa na viraka kweli, lakini havikuonyesha chochote isipokuwa kwamba mtu alivichagua vizuri kabla ya kuja. Mimi nami niliona muhuri, nikaona namba za kesi, nikaacha kuuliza. Muhuri hunakiliwa na kijana yeyote mwenye simu. Na zile namba za kesi? Vijana wetu walinionyesha baadaye. Miezi michache nyuma, watu wawili waliofurahi kuitwa kwa mahojiano walipiga picha karatasi zao wakaziweka kwenye kundi ili tushukuru pamoja. Kundi lile lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na wengine hakuna aliyewajua. Mkate ulitoka katika jiko letu wenyewe.

Kisha mstari wa 16: baada ya siku tatu walisikia kwamba watu wale ni majirani. Siku tatu tu! Wangengoja siku tatu kabla ya kuapa, hila yote ingekwisha yenyewe. Ndiyo maana kila tapeli ana saa yake: kabla ya Ijumaa, kabla ya saa sita, usikate simu. Tapeli anaogopa siku ya tatu.

Na ni kweli kwamba mara nyingi huwa ni jirani. Tunapenda kumfikiria kuwa mtu wa nchi ya mbali. Hapa Rwanda watu hawa huitwa abatekamutwe, na kuna kundi lililojulikana kwa jina la Abameni ambalo Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, imewakamata watu wake hasa upande wa Rusizi. Vijana wenye simu za kawaida, wanaoongea Kinyarwanda kama sisi, wala si wajuzi wa kompyuta. (Nisisikie mtu akiwanyoshea kidole ndugu zetu wa Rusizi. Nao wameibiwa kama sisi.) Wale wenye jamaa Nyarugusu wanaujua ujumbe uliozunguka Tanzania kwa miaka mingi, ule wa kwamba ile hela itume kwenye namba hii. Hauna jina wala kiasi. Hutumwa kwa watu wengi sana, na mmoja wao siku hiyo alikuwa kweli anataka kumlipa mwenye nyumba wake. Huyo mmoja anatosha. Ulisumbua hata mamlaka ya mawasiliano ya kule, TCRA, ikawapa watu namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa namna hiyo.

Tuje kwetu Kigali, kwenye mambo ya kila siku.

La kwanza ni pesa iliyotumwa kwa makosa. Unapata meseji kwamba umepokea 30,000, halafu mtu anapiga analia: mama, nimekosea namba, mtoto yuko hospitali, nirudishie. Usibishane naye wala usimtukane. Kata simu, andika *182# kwa mkono wako, tazama salio. Salio lisipoongezeka, hakuna pesa iliyoingia, ile meseji aliiandika yeye. Na likiwa limeongezeka kweli, bado usirudishe kwa mkono wako. Mwambie awaombe watu wa laini yake, nao watashughulika.

La pili ni yule anayekusomea namba za kubonyeza, akisema ni za kurudisha pesa au za kupokea zawadi. Wazee wangu, sikilizeni vizuri. Kwenye MoMo, *182*1*1* ndiyo njia ya kutuma. Kinachofuata ni namba ya simu ya mpokeaji, halafu nyota, halafu kiasi. Kwa hiyo akikusomea mstari mrefu namna hiyo, amekuandikisha uhamisho kwenda kwake, na kilichobaki ni namba yako ya siri. Ukiiweka, umetuma mwenyewe. Iko nyingine inayoanza na **21* ikifuatwa na namba ya simu. Hiyo huhamisha simu zako zote ziingie kwake. Kama umekwisha kuibonyeza, ifute kwa ##21#.

La tatu ni WhatsApp, na hili limeharibu makanisa. Mtu unayemjua, tena mwimbaji mwenzako, anakuandikia: nimekutumia tarakimu sita kwa makosa, nisaidie unitumie. Huyo si mwenzako. Mwenzako amekwisha kunyang'anywa akaunti, na zile tarakimu sita ni ufunguo wa akaunti yako wewe. Ukizitoa, baada ya dakika chache jina lako litaanza kuwaomba watu mkopo. Katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, kuna uthibitisho wa hatua mbili. Unaweka namba yako ya siri ambayo mwizi hataijua hata akizipata zile sita.

La nne ni sauti. Isaka alipokuwa kipofu alisema sauti ni ya Yakobo lakini mikono ni ya Esau, akaifuata mikono, akakosea (Mwanzo 27). Kwake sauti ilisema kweli. Kwetu siku hizi hata sauti imeanza kudanganya, kwa maana zipo programu za kompyuta zinazoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia kipande kidogo tu cha maneno yake. Wakati ule wa Goma, namba ngeni zilipiga zikisema: ni mimi kaka yako, simu yangu imeibwa, tuko njiani, tuma kwa ajenti huyu. Na wengine walikuwa kaka kweli! Ndiyo maana siwezi kuwaambia msipokee simu za namna hiyo. Muulize jambo la nyumbani ambalo halijaandikwa kwenye simu yoyote: mbwa wetu aliitwaje, bibi alikuwa akitupikia nini tukirudi shambani. Kaka yako wa kweli hatakasirika. Atalia, nawe utalia naye. Familia zikubaliane swali hilo mapema, watoto nao walijue.

Kuhusu safari na kesi, naandika kwa herufi ambazo kila mtu azisome. HUDUMA ZOTE ZA UNHCR NI BURE. Kujiandikisha ni bure, mahojiano ni bure, kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure. Hakuna faili ya faranga 45,000 wala ya 500. Najua wengine hujibu: mbona waliokwenda Marekani walisema wanadaiwa tiketi? Ni kweli, waliosafiri kwa mpango ule walipewa tiketi kwa mkopo kupitia IOM, lakini mkopo ule waliulipa baada ya kufika na kuanza kazi, kidogo kidogo. Hawakuulipia Kigali kwenye namba ya MoMo ya mtu. Tapeli huchukua ukweli huo mmoja akaupaka uongo.

Pia tusiazimane vitambulisho. Laini hapa huandikishwa kwa kitambulisho, na laini iliyoandikishwa kwa jina lako ikitumika kuiba, wataanza kukutafuta wewe. Bonyeza *125# uone laini zilizoandikishwa kwa jina lako. Mzee mmoja wa kanisa alikuta laini asiyoijua kabisa.

Na ukiibiwa? Piga simu mara moja kwa huduma ya wateja ya laini yako, kwa maana pesa ikiwa bado haijatolewa kwa ajenti yaweza kuzuiwa. Usifute meseji kwa hasira, kwa sababu ile namba, ile saa na kile kiasi ndivyo vitakavyotakiwa. Kisha RIB, simu 166, haikutozi kitu. Rwanda ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2018, na mkimbizi anashtaki kama mtu mwingine yeyote. Siahidi kwamba pesa itarudi. Zetu hazikurudi.

Lakini ugumu mkubwa nilioukuta si wa simu. Nilipokiri mbele ya kanisa, watu sita walinijia baada ya ibada, mmoja mmoja, wakaniambia kwamba nao waliwahi kuibiwa, na hawakumwambia hata mke au mume. Mmoja alinyamaza miaka miwili. Sisi tuliokimbia tumepoteza nyumba, mashamba, na watu wetu. Kupoteza tena elfu arobaini kwa sababu ya tumaini, mtu anaona ni heri afe na siri yake. Na anaponyamaza, tapeli anakwenda nyumba ya pili kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo mtu akisema nimeibiwa, asiwepo wa kumjibu: wewe nawe, ulikuwa na akili gani? Yoshua alikuwa na akili.

Tazameni pia mstari wa 18 na 19. Mkutano wote uliwanung'unikia wakuu, nao wakuu hawakusukuma kosa kwa watu. Waliapa wao, wakalibeba wao. Nilizungumza na wazee wa kanisa, nikaomba deni la zile familia mbili liwe langu, si la sadaka. Nililipa 10,000 kila mwezi, nikamaliza mwezi wa tisa wa kulipa. Yule mama alikataa mara mbili kupokea. Mara ya tatu akapokea, akaniambia nisimtumie kwa simu, nimletee mkononi.

Kwenye vikundi mjadili haya. Ni mkate gani umewahi kuonyeshwa ukaacha kuuliza? Ujumbe ukitoka kwa mchungaji au kwa mzee wa kanisa, utamuuliza nani mwingine kabla ya kulipa? Na katika nyumba yako ni nani asiyejua kusoma meseji, naye anapokea simu peke yake mchana?

Tangu sasa kundi la WhatsApp la kanisa lina wasimamizi watatu, na mtu asiyejulikana na mmoja wao ataondolewa. Picha za karatasi za kesi haziwekwi humo, hata kwa kushukuru. Ujumbe wowote wa pesa au wa safari utakaa siku tatu kwa wasimamizi kabla ya kuonwa na wengine, ukiwemo wangu. Jumatano baada ya maombi vijana watabaki na wazee kuwawekea ule uthibitisho wa hatua mbili. Njooni na simu zenye chaji, maana umeme wa kanisani mnaujua.