SOMO: ANDIKA ULICHOFANYA, USITIE CHUMVI

Ndugu wanakikundi, vijana wetu wanaomba nafasi za masomo ambazo wanaozitaka ni wengi. Kwenye fomu kuna swali: "Umewahi kufanya utafiti gani?" Hapo wengi hubabaika.

Tukumbuke Asembo na Gem. Miaka ya 1990 KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walijaribu vyandarua vyenye dawa huko, na ikaonekana vinapunguza vifo vya watoto wadogo. Kazi ile haikuwa ya madaktari peke yao. Wenyeji walipita nyumba kwa nyumba, wakiuliza na kuandika majibu. Hiyo nayo ni sehemu ya utafiti.

Basi, kama ulipima samaki ufuoni wiki tatu, usiandike "niliongoza utafiti wa ziwa." Andika: "Kwa wiki tatu nilipima mbuta na omena, nikaandika uzito daftarini. Hesabu za mwisho walifanya wengine. Nilijifunza kwamba mizani isiporudi sifuri, kazi ya siku nzima inaharibika."

Maneno hayo ni machache lakini yana uzito. Kwenye mahojiano utaulizwa, "Mlipima vipi?" Mkweli atajibu, aliyetia chumvi atakwama, na barua ya msimamizi wake itasema mengine. Njia ya mwongo ni fupi.

Maswali ya kikundi:
1. Kijana wetu alifanya nini kwa mikono yake mwenyewe?
2. Nani alimwona na anaweza kumshuhudia?
3. Alikosea wapi, na alijifunza nini?